Modeli ya M3 ya Marekani au Sd.Kfz. 251 ya Ujerumani?
Katika kipimo cha 1/35, yaani modeli iliyo ndogo mara 35 kuliko gari halisi, magari haya ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, hutofautiana zaidi sehemu ya chini. Mnyororo wa M3 ulikuwa ukanda wa mpira, kwa hiyo kuupaka wote rangi ya kutu, kama wengi wafanyavyo, ni kosa. Kijivu kilichofifia na unga wa vumbi uliosuguliwa kwa brashi kavu vinatosha. Sd.Kfz. 251 ilikuwa na minyororo ya chuma yenye vibao vya mpira, na magurudumu yake yanayopishana hulazimu kila safu ipakwe rangi kabla ya kubandikwa. Kazi hiyo inachosha, lakini tope lililoganda kati ya magurudumu, pamoja na manjano iliyokoza iliyoanza kutumika 1943, ambayo huonyesha kila mchubuko, huvutia kuliko kijani cha M3.