AmigaOS 3.2: tamu ila tusidanganyane

Aisee hii AmigaOS 3.2 ya 2021, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani za Amiga, ni tamu, inawaka fasta, menyu zinaitika hapo hapo, na yote hayo kwenye prosesa za Motorola 68000 za enzi zile, Amiga ya kwanza ilitoka 1985 jamani, Commodore wenyewe, kampuni iliyokuwa ikiziunda, wakafilisika 1994, na bado kuna watu wanaiandikia programu mpya (hao nawavulia kofia). Ila wale wanaosema itarudi kushindana na Windows, hapana bwana. Memori haina ulinzi, programu moja ikizingua inaweza kuangusha mashine nzima, na tovuti za siku hizi ndo usiguse kabisa. Kwa magemu ya zamani naipa nne kwa tano, kwa kazi za ofisi moja, tena ya huruma.