Tahadhari Sanlitun, Beijing: baa unayopelekwa na mtu mliyekutana barabarani

Ndugu zetu mnaoingia Beijing kwa masomo au biashara, hii inawahusu hasa Ijumaa na Jumamosi usiku. Sanlitun ni mtaa wa balozi, za Tanzania na Kenya zikiwemo, na umejaa baa za wageni. Menyu za Kiingereza, muziki unaoujua, kwa hiyo mtu anajiona yuko nyumbani. Baa nyingi pale ni za halali kabisa. Shida ni wanaosimama nje kuvizia mgeni aliye peke yake.

Wachina wana jina lao: jiutuo, wapambe wa pombe. Binti au kijana mchangamfu anakuomba umpige picha, au anasema anatafuta mtu wa kuzungumza naye Kiingereza. Mkishazoeana kidogo anataja sehemu "tulivu, hapo karibu tu". Shika hapo, maana kitanzi chenyewe ndicho hicho: sehemu amechagua yeye. Mara nyingi iko ghorofani au chini ya ardhi, meza chache, wateja hakuna. Menyu haina bei, au ile uliyooneshwa mwanzo siyo inayoletwa wakati wa kulipa. Anayeagiza ni yeye: divai, sahani ya matunda, karanga, kila kimoja na bei yake, na chumba nacho kinalipiwa. Bili inakuja yuan elfu kadhaa. Mwenzako anatoa sehemu yake bila kubisha ili wewe uone haya. Hela ile humrudia baadaye pamoja na kamisheni. Ukigeuka, mabaunsa wako mlangoni.

Mchana mchezo huohuo huchezwa kwa chai, Wangfujing hapa Beijing, na Nanjing Road kule Shanghai. Vikombe vidogo kuliko vya kahawa chungu, na kila onjo linahesabiwa.

Kinga ni kuchagua sehemu mwenyewe. Mwambie, "Twende ile pale," uoneshe baa yenye watu unayoiona kutoka barabarani. Mpambe atakataa au ataaga, kwa sababu kamisheni yake haiko huko.

Kama umeshaingizwa mjini na bili iko mezani, usirushe ngumi. Ukimgusa mtu, kesi inageuka kuwa yako. Piga picha menyu, bili na leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani. Sema "wo yao baojing", naita polisi, kisha piga 110 kweli. Omba fapiao, risiti rasmi ya kodi. Kikaratasi cha mkono si fapiao. Ukilazimika kulipa ili utoke salama, lipa kwa simu au kadi, maana fedha taslimu haiachi alama. Kwenye mashine ya kadi soma tarakimu zote kabla ya kuweka namba ya siri. Kwenye simu, skani wewe msimbo wao wa QR uandike kiasi mwenyewe. Wakiskani wako, malipo madogo yanaweza kupita bila namba ya siri. Kesho yake peleka malalamiko 12315, namba ya walaji. Sheria ya China inampa mlaji aliyetapeliwa fidia ya mara 3 ya alicholipa, isiyopungua yuan 500.

Pombe feki ipo pia, hasa kwenye ofa za "kunywa mpaka uchoke". Chupa ifunguliwe mbele yako, au kunywa bia ya chupa.

Na yeyote anayekunong'oneza bangi kando ya barabara, pita. Polisi huingia baa za eneo hili na kupima mkojo, hata nywele. Ukikutwa, ni kizuizini siku 10 hadi 15, kisha unaweza kufukuzwa nchini. Pasipoti tembea nayo, ndivyo sheria inavyotaka.

Kurudi nyumbani: treni za chini hufunga karibu saa 5 usiku, na hapo teksi bubu, heiche, hujipanga. Teksi halali ya Beijing namba yake huanza na 京B na ina mita. Sema "da biao", washa mita, kabla ya kufunga mlango. Akitaja bei ya jumla, shuka. Ukilipa kwa noti ya 100, soma kwa sauti tarakimu 4 za mwisho za namba ya noti ukimkabidhi, maana wapo wanaoibadilisha chini ya usukani na kukurudishia feki wakidai ni yako. Noti ya toleo la 2015 ukiiinamisha, ile 100 ya katikati hubadilika kutoka dhahabu kwenda kijani. Ya kwao haibadiliki.