Baltic, Studio Underd0g na Furlan Marri: saa tatu za kampuni ndogo, na swali la fundi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina saa tatu za mkono hapa, na hakuna hata moja utakayoikuta dukani Kariakoo. Zote ni za kampuni ndogo, zile za watu wachache walioamua kubuni saa yao na kuiuza wenyewe mtandaoni. Hii ya kahawia ni Baltic Hermétique Tourer, ya Ufaransa. Hii yenye rangi za tikiti ni Studio Underd0g, ya Uingereza. Na hii yenye vitufe vya duara ni Furlan Marri, ya Uswisi. Baltic ni yangu, nimeinunua kwa hela yangu. Hizi mbili nimeazimwa na kaka mmoja anayekusanya saa, na kila moja nimeivaa wiki mbili.

Mmekuwa mkiniuliza sana: "Dada, hizi saa za kampuni ndogo ni za kuaminika kweli?" Kabla sijajibu, naomba muitazame kwanza hii ya nne.

Hii niliinunua miaka kadhaa iliyopita, na kampuni siitaji. Walikuwa wanachangisha mtandaoni, unalipa leo halafu unasubiri. Nilisubiri miezi kumi na moja. Ilipofika nilifurahi mno, maana ilikuwa nzuri, na mgongoni wameandika mita 200. Baada ya miezi mitatu nikaingia nayo baharini Kigamboni, maji ya kiunoni tu. Natoka, naona ukungu ndani ya kioo. Kesho yake imesimama. Nikawaandikia barua pepe, kimya. Nikaandika tena, ikarudi: anwani haipo. Kampuni ilikuwa imeshafungwa.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa, ana kimeza chake cha kioo barazani, miaka mingi yuko palepale. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti, lete tuone." Akavaa lenzi yake jichoni, akafungua mgongo, akaniinamishia nami nione. Kutu ilikuwa imetanda humo ndani, rangi ya chai ya rangi. Nikamwambia, mzee, wenye saa hii wamefunga, hata barua hawapokei. Akasema, "Waliofunga ni wao, mashine haijafunga. Hii ni NH35 ya Seiko. Nipe siku nne." Siku ya nne nikaikuta mezani kwake inatembea: mashine mpya, uso uleule, mishale ileile, na mpira mpya wa kuzuia maji. Mpaka leo inatembea, sikilizeni.

Tangu siku hiyo, saa ya kampuni ndogo siianzi usoni. Naanza na swali la yule mzee: ndani ina mashine gani?

Kwa sababu, ndugu zangu, kampuni hizi nyingi hazitengenezi mashine. Wanachora kasha, uso na mishale, wanatafuta viwanda vya kuwatengenezea, kisha mashine wananunua kwa wakubwa: Miyota, ambayo ni ya Citizen wa Japani, au Seiko, au Sellita wa Uswisi, au Seagull wa China. Hilo si aibu hata kidogo, na kwetu sisi tunaokaa mbali na makao makuu yao ni usalama. Mashine inayojulikana ina vipuri, ina fundi anayeijua, na ikishindikana kabisa inabadilishwa nzima.

Sasa tuje kwa Baltic. Mwanzilishi wake anaitwa Etienne Malec. Baba yake alikuwa na asili ya Poland, upande wa bahari ya Baltic, na alifariki Etienne akiwa bado mdogo. Akaacha mkusanyo wa saa na daftari alimoandika habari za saa hizo. Kijana akaja kulipata lile daftari, na kutoka humo likazaliwa jina na kazi. Mwaka 2017 wakaanza kwa kuchangisha kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishia pesa za miradi. Saa zao zinakusanywa Besançon, mji wa Ufaransa wenye historia ndefu ya saa, ingawa sehemu nyingi zinatoka Asia, na wao wenyewe hawalifichi hilo. Mimi kampuni inayosema ukweli hivyo naiheshimu.

Hermétique ilitoka mwaka 2023. Upana wake milimita 37. Najua baadhi yenu mmezoea masaa makubwa kama sahani, lakini tazameni inavyokaa. Mkono wangu ni mwembamba, inchi sita, na haijavuka kingo. Shemeji yangu ana mkono wa baharia, kaivaa naye imempendeza vilevile. Kioo ni safaya, kioo kigumu kisichokwaruzika upesi, kimebinuka kidogo kama tone la maji. Nikiigeuzia dirishani hivi... mnaona mwanga unavyopinda pembeni?

Halafu oneni hapa ubavuni. Kitufe cha kutilia ufunguo kiko wapi? Ukiitazama kwa juu, huoni kitu! Wamekizamisha ndani ya kasha, kimelala sawa na ubavu. Kwa sura, ni ubunifu mzuri kuliko wote niliouona kwenye saa za bei hii, na hakikuchomi nyuma ya kiganja ukikunja mkono. Lakini kila kizuri na gharama yake. Kukivuta kurekebisha majira kunataka ukucha, na kuitia ufunguo kwa vidole vyenye jasho ni kazi. Dar mwezi wa pili vidole vina jasho siku nzima. Kwa hiyo mimi siitii ufunguo. Naitikisa kidogo, naivaa, mwendo wa mkono unaijaza.

Na kuzuia maji? Wameandika mita 150, na kitufe hicho hakifungwi kwa kuzungushwa, kinasukumwa tu. Hapa nisimame kidogo, maana wengi tunapotea. Mita zile ni kipimo cha mgandamizo, saa ikiwa imetulia kwenye chombo cha kupimia. Hazina maana kwamba utashuka nayo mita hizo. Saa ya mita 30, mvua na kunawa mikono basi. Mita 50, usiitie baharini. Kuanzia mita 100, ogelea, lakini ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikauka inakula mpira na kuganda kwenye kitufe. Hii nimeogelea nayo mara tano, na sijaona hata tone la ukungu.

Ndani ina Miyota 9039. Ni otomatiki, inapiga mara 28,800 kwa saa, ikijaa inakaa takriban saa 42 bila kuvaliwa. Sasa sikilizeni, naisogeza kwenye maikrofoni... mmesikia? Ile vrrr kama kitu kimelegea. Nilipoivaa siku ya kwanza nilishtuka. Kumbe kile kipande kizito kinachozunguka kwa mwendo wa mkono kinajaza mashine kikielekea upande mmoja tu. Kikirudi upande wa pili kinazunguka bure, ndiyo hiyo sauti. Miyota za ukoo huu ndivyo zilivyo. Ukiisikia usikimbilie kwa fundi. Kwa wiki mbili nilizoipima, yangu ilikuwa inakimbia kama sekunde sita kwa siku, na kiwanda chenyewe kinaruhusu mpaka 30. Sina malalamiko.

Nikampelekea mzee wangu. Udhamini wake umeshakwisha; wewe ambaye wako bado uko hai usifunguefungue. Akafungua mgongo, akatazama, akatikisa kichwa cha kuridhika. "Miyota. Hii hata mwanangu ataitengeneza." Halafu akauliza bei. Nikamwambia, karibu yuro 550 kabla ya kodi, milioni moja na nusu hivi za kwetu, bado usafiri na ushuru wa forodha. Akanyamaza. Akaigeuza tena, akapitisha kidole kwenye ule ubavu usio na kitufe, akasema, "Walioichora walikaa chini wakafikiri." Mzee huyu kusifu saa kwake ni nadra.

Jambo moja nililiona nikiwa kwenye pantoni asubuhi. Sisi Waswahili tunasoma saa kwa kuvuka upande wa pili. Mshale mfupi uko kwenye saba, macho yanasoma saa moja. Uko kwenye kumi, sisi saa nne. Kwa hiyo saa ya kwetu inataka uso ulio wazi, ambao jicho linavuka katikati bila kukwama. Tourer iko hivyo: haina dirisha la tarehe, haina maandishi mengi. Kuna saa nyingine zimejazwa maneno mpaka lazima usimame usome.

Haya, tikiti! Hii Studio Underd0g, hiyo "o" ya mwisho wanaiandika sifuri. Hata jina la saa hii wanaandika Watermel0n kwa sifuri. Aliyeibuni ni Richard Benc, Mwingereza, naye alikuwa mbunifu wa saa kabla ya kuanzisha ya kwake. Uso ni wa pinki unaokolea, umezungukwa na kijani. Binti yangu wa miaka minne kaiona akasema, "Mama, nataka kipande." Sijawahi kuvaa kitu kilichosimamisha watu barabarani kama hiki. Benki, dada wa kaunta aliacha kuhesabu pesa akaniuliza nimeipata wapi.

Lakini geuza mgongo. Hapa ndipo nilipokaa usiku mzima. Mgongo ni kioo, na ndani ni Seagull ST1901, mashine ya kronografu, ile ya kubonyeza ikakuhesabia sekunde na dakika. Haina betri wala haijijazi yenyewe. Kila asubuhi unaitia ufunguo kama saa za babu zetu. Asili yake ni mashine ya Uswisi iitwayo Venus 175. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wachina walinunua mitambo ya kuitengenezea, wakaitumia kutengeneza saa za marubani wa jeshi lao. Angalieni ninavyobonyeza... ule mkono mdogo umesogea, gurudumu lenye vinguzo limepiga hatua moja, gurudumu la sekunde limeumana na mwenzake. Bonyeza tena, vimeachana. Kitu hiki kwa saa ya Uswisi utalipa mara nyingi zaidi. Hii bei yake ilikuwa kama pauni 600.

Udhaifu wake? Ni nene, shati la mikono mirefu linakwama. Maji ni mita 50, na mimi kronografu yenye vitufe viwili siiamini maji kabisa. Mkanda wa ngozi ni laini na mzuri, ila kwa joto letu ndani ya wiki moja ulishaanza kunyonya jasho, nikaweka wa kitambaa. Na lile swali letu: mzee aliitazama kwa nje tu, hakuigusa. "Hii nataka utulivu, na nataka vipuri viwe mezani kwanza." Alisema anaiweza, lakini si kila fundi anaiweza, na ukimpa asiyejua atakurudishia vipande kwenye bahasha. Kwa hiyo kama hii ndiyo itakuwa saa yako pekee ya kila siku, ya daladala na mvua na kubeba mtoto, mimi ningekuzuia. Kama unayo nyingine ya kazi, na unapenda kuona vitu vinavyotembea, hutaijutia.

Furlan Marri sitaichukulia muda. Andrea Furlan na Hamad Al Marri waliianzisha kwa Kickstarter mwaka 2021, wakakusanya zaidi ya faranga milioni moja za Uswisi, na mwaka huohuo wakapewa tuzo Geneva. Milimita 38, sura ya saa za miaka ya 1940, vitufe vya duara kama vya redio ya zamani. Ndani ni Seiko VK64, mashine ya betri ambayo sehemu ya kuhesabia sekunde ni ya magurudumu, ndiyo maana ukibonyeza kurudisha, mshale unaruka sifuri mara moja, tap! Ila jueni kwamba haina mshale wa sekunde unaotembea muda wote. Mkiiona imetulia hivi msidhani imekufa. Betri yake ni ya kawaida, fundi yeyote anakuwekea. Kwa anayeanza, anayetaka saa ya harusini na ofisini asiyotaka kuitunza sana, ningemshika mkono kwenye hii.

Na wewe unayetaka kulipia saa inayochangishwa, ambayo bado ni picha tu kwenye kompyuta: sikukatazi. Baltic walianzia hapohapo, Furlan Marri hapohapo. Lakini soma mpaka chini, tafuta jina la mashine na namba yake. Wameandika "otomatiki ya Kijapani" bila namba? Waandikie uwaulize. Wasipojibu kabla hujalipa, ukishalipa ndiyo kabisa.

Mmoja aliniuliza wiki iliyopita kuhusu kung'aa gizani, kwamba umeme ukikatika usiku inaonekana? Nimeiweka Baltic juani dirishani tangu saa tisa alasiri, sasa ni saa mbili usiku. Subirini nizime taa... na hii ya pembeni pia. Haya. Saa mbili na dakika kumi na saba. Mnaiona?