Holstentor ya Lübeck, Ujerumani: geti limeinama kweli, sio macho yenu

Hili geti la zamani la kuingilia mjini nililijua kabla sijalifikia, limechorwa kwenye sarafu ya yuro 2 ya Ujerumani ya mwaka 2006 na moja nilikuwa nayo kwenye kopo la chenji, kwahiyo shangazi alipokuja kutoka Tanga nikampakia treni ya kutoka Hamburg, kama dakika 45 hivi, ukishuka stesheni unatembea kidogo tu unalikuta. Shangazi neno la kwanza, "mbona limelewa?"

Na limelewa kweli bana. Minara miwili minene ya matofali, paa zimechongoka, yote imeelemea. Walilijenga 1464 mpaka 1478 kwenye udongo wa kinamasi likaanza kuzama, mpaka leo matundu ya mizinga ya chini kabisa yako chini ya usawa wa ardhi, ukiinama unayaona.

Ila kilichonikosha mimi ni kuta. Upande wa nje, adui anakotokea, unene mita 3.5, upande wa mjini haufiki hata mita moja! Inasemekana wakubwa wa mji waliogopa geti lisije likaangukia mikononi mwa adui, kwahiyo wakaacha mgongo mwembamba ili wakitaka kulibomoa wasihangaike. Shangazi akacheka, "yaani unamwajiri mlinzi halafu unalala na rungu". Halafu 1863 nusura walivunje kabisa, likapona kwa kura moja tu, hebu fikiria.

Ndani ni makumbusho, mifano ya meli za wafanyabiashara wa zamani na vitu vya biashara, pazuri lakini sio pa kushinda siku nzima. Shida ni ngazi, za kuzunguka na nyembamba, shangazi ana magoti akaishia chini ananisubiri. Na msije mkidhani mtapanda juu kuangalia mji, hakuna hicho kitu, kwa hilo nendeni kanisa la St. Petri hapo jirani, lina lifti, tulipanda wote mpaka juu tukaliona geti kwa chini pamoja na yale maghala ya chumvi pembeni ya mto, chumvi iliyokuwa inapelekwa Skandinavia kuhifadhia samaki. Hapo ndo shangazi alinogewa, hakutaka kushuka.

Picha pigeni kutokea upande wa stesheni, asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Nyota nne, moja nimeitoa kwa ajili ya magoti ya shangazi.