Hela ya komiki moja tu? Anza na hii, Batman atasubiri

Kama unataka kuingia kwenye komiki mpya za Marekani na hela yako inatosha moja, chukua Absolute Martian Manhunter, iliyoanza Machi 2025, wala usijali kwamba huyo shujaa hana jina kubwa (Absolute ni mfululizo wa DC unaoanza upya stori za mashujaa wake). Mwandishi Deniz Camp anatupa John Jones, mpelelezi wa FBI anayenusurika bomu la kujitoa mhanga halafu anaanza kuona mawazo ya watu, na hapo ndo mchoraji Javier Rodríguez anaua kabisa, maana mawazo anayachora kama moshi wa rangi unaojikunja ukurasa mzima, yaani unajua mtu ana hasira au huzuni kabla hujasoma neno hata moja. Ukiitoa ile rangi stori yote inakufa. Mi ndo komiki ninayoitaka hiyo.

Ya pili Absolute Wonder Woman. Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, kalelewa kuzimu na mchawi Circe, ambaye mwanzoni mtoto hata hamtaki, na mwandishi Kelly Thompson anaupika huo upendo taratibu mpaka unakugusa. Mchoraji Hayden Sherman naye anamleta Diana juu ya farasi aliyebaki mifupa, na upanga mkubwa ajabu.

Tatu ni Ultimate Spider-Man ya Marvel, Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, ndo kwanza anapata nguvu. Namba 1, yaani toleo la kwanza, haina ngumi kabisa, watu wanaongea tu, ila Marco Checchetto anachora nyuso vizuri kiasi kwamba huchoki. Tatizo kuna matoleo kachora David Messina na tofauti unaiona kabisa.

Absolute Batman naiweka ya nne najua mtabisha. Bruce, yaani Batman mwenyewe, hana utajiri, ni mhandisi, mama yake yuko hai, na ile popo ya kifuani inachomoka inakuwa shoka, Nick Dragotta kaichora kwa nguvu sana, sema mwandishi Scott Snyder anajaza maneno mpaka picha zinakosa hewa.

Absolute Superman mwisho. Mchoraji Rafa Sandoval yuko safi, ila stori inarukaruka Krypton, sayari alikotoka Superman, na duniani, namba 1 peke yake inakuacha njiani.

Batman na Spider-Man bora uchukue kitabu kimoja chenye matoleo 6 ya kwanza. Na zile kava mbadala za bei juu achana nazo, ndani ni kilekile.