Programu ya simu inayosoma Kinorwei kwa sauti: nyota 3 kati ya 5

Nimeijaribu kwa bokmål tu, moja ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei. Maneno mafupi inayatamka vizuri. Hata bønder (wakulima) na bønner (maharage), ambayo hutofautiana kwa toni peke yake kwa sababu d haitamkwi, inayapambanua. Inaharibu kwenye maneno ambatani, na Kinorwei kimejaa hayo.

Chukua verdenskjent, "maarufu duniani". Kiungo ni verdens + kjent. Ile s ni gundi, inabaki na kipande cha kwanza. Programu ikiona skj inatoa "sh", ikakata verden-skjent. Kj inatakiwa isikike peke yake, hewa ikipenya kati ya ulimi na kaakaa. Huskjøp (ununuzi wa nyumba) inaliharibu vivyo hivyo, ila påskjønne (kuthamini) inapatia, maana hapo skj ni sauti moja kweli. Yaani inafuata herufi tu, maana ya neno haiijui.

Kichekesho ni vingummi, zile peremende za kutafuna. Ni vin + gummi: n inaishia huku, g inaanzia kule. Programu inazigandisha zikawa ng' ya ng'ombe.

Dawa ipo kwenye sehemu ya kuhariri matamshi: weka kistari penye kiungo, vin-gummi, verdens-kjent, nayo inasoma sawa. Angalia busstopp (kituo cha basi). Ni buss + stopp, s tatu zimepunguzwa kuwa mbili. Ukikata, ya tatu inarudi: buss-stopp. Ukiandika bus-stopp, u inavutwa, kwa kuwa irabu yenye mkazo hurefuka mbele ya konsonanti moja. Na usiweke nafasi badala ya kistari, hasa ukinakili neno kwenye barua: røykfritt ni "hakuna kuvuta sigara", røyk fritt ni "vuta upendavyo".

Mkazo inauweka panapotakiwa, kipande cha kwanza: BARnehage (chekechea), na mdogo kwenye ha. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho huishia kusema barneHAge, kwa hiyo hapo iige tu.

Kiungo usipokijua, gawa neno kwa kubahatisha, kisha tafuta kila kipande kwenye kamusi ya mtandaoni ya NAOB. Skjent haimo kama neno kuu. Kjent imo.