Mashini ya bei kali ama mashini yenye inadumu: namna ya kuchagua laptopu ya muzuri hapa Lubumbashi

Bandugu benye muko na dola 700, 1.000 ama 1.500 ya kununua laptopu, mbele ya kuingia mu maduka ya mujini tuzungumuze kwanza. Batu mingi hapa banafikiri kama bei iko juu basi mashini itadumu. Ile bei ya juu inakupatia ekrani ya kupendeza, mwili wa aluminiumu, uzito wa kilo moja na kidogo, prosesa ya mbio, ni kweli kabisa. Lakini kudumu njo kitu ingine. Mu 2009 kampuni moja ya Marekani ya kuuzisha garanti, SquareTrade, ilifuata laptopu 30.000 hivi zenye ilikuwa inalinda, ikaona kwa mwaka ya kwanza zile ndogo za bei ya chini zilikufa 5,8 kwa mia, za katikati 4,7 kwa mia, na za bei kali 4,2 kwa mia. Angalia muzuri ile tofauti ya za katikati na za bei kali: nusu ya moja kwa mia, na mutu alilipa labda mara mbili. Kwa miaka tatu, 31 kwa mia ya mashini zote zilipata shida, kati yao 10 na kidogo ni kuangushwa ama kumwagiwa maji, na ile hakuna bei yenye inakulinda. Hesabu ni ya zamani, mashini zimebadilika, lakini bado sijaona sababu ya kuamini kama dola 500 ya kuongeza inanunua miaka ya kuongeza.

Kile mi nasema ni hiki: pesa ya ziada uilipie mashini yenye fundi wa hapa Lubumbashi anaweza kufungua, kupata piesi yake, na kufunga tena ikatembea. Juu mu Paris mutu mashini yake ikikufa anapeleka ku servisi ya kampuni, nyuma ya siku kidogo anairudisha, amemaliza. Hapa garanti ya "internasional" mara mingi ni karatasi tu. Apple haina duka yake yenyewe Afrika mzima, kwa hiyo ile mwaka moja ya garanti inaweza kukuomba utafute mutu wa kubeba mashini mupaka inje na akungojee kule. Ile safari pia iko mu bei, hata haiandikwe ku kartoni.

Na tusisahau kitu gani kinaua mashini kwetu. Ya kwanza ni umeme. Delestaji yenyewe (ile kukatiwa umeme kwa zamu) haina mubaya sana, batri inabeba kazi, mubaya ni ile saa umeme inarudi kwa nguvu na shajeri iko imechomekwa. Ya pili ni vumbi. Kuanzia Mei mupaka Septemba, mvua imekatika, ile vumbi nyekundu inaingia kila pahali, vantilateri inaivuta, inapangana mu radiateri sawa blanketi, na mashini inaanza kupiga kelele na kuwaka moto hata unaandika tu barua. Kisha mvua ikirudi, radi zinaanza. Kwa hiyo wakati musomi wa Ulaya anaandika "hii laptopu iko solidi", jiulize kama aliitumia mu nyumba ya namna hii.

Haya, sasa tupange.

Kwa mi, namba moja bila kusitasita ni mashini za biro za okazio (zenye zilishatumiwa): ThinkPad za Lenovo za seri T, EliteBook za HP za seri 800, Latitude za Dell za 5000 na 7000. Wakati zilikuwa mupya zilikuwa za bei kali kweli, makampuni ya Ulaya na Marekani bananunua ao banapanga kwa miaka tatu ama ine, kisha banaziachilia zote kwa mara moja, na njo zinafika huku kwa bei yenye mutu wa mushahara anaweza. Muzuri yake kubwa si jina. Ni kwamba zilitengenezwa ili fundi wa kampuni azifungue mbio: visi za kawaida chini, SSD (ile disk ya kuweka docs) inatoka, batri inatoka, na Lenovo, Dell na HP banaweka bure ku intaneti vitabu vya kuonyesha namna ya kufungua kila model. Juu zilitoka nyingi sana, piesi ziko nyingi. Fundi mu Kamalondo ama ku mujini akikuambia "ya hii nitapata", anasema ukweli, juu iko na ingine yenye ilikufa mu kabati yake.

Ndani ya ile familia kuko tofauti yenye batu banapitisha. ThinkPad T480 ya 2018 iko na nafasi mbili za RAM (ile memoire ya kazi ya mashini) na batri mbili, moja ndani, moja inje yenye unachomoa kwa mukono bila visi, na unaweza kubadilisha ile ya inje wakati mashini inatembea. Kwa mutu wa delestaji ile ni dawa. Ile yenye ilifuata, T490, RAM moja imeunganishwa kabisa ku karti mama (ile plaki kubwa yenye inabeba piesi zote), inabakia nafasi moja tu, na T14 ya kwanza ya 2020 ni vilevile. EliteBook 840 zenyewe zilibakia na nafasi mbili kwa miaka mingi. Kama unauliza mi, EliteBook 840 ao Latitude ya 2020 ama 2021 yenye RAM 16 ni mashini ya miaka mingine ine kwa mutu wa Word, Excel, intaneti na kazi ya universite. Ya T480 ununue kama bei iko chini kabisa, juu ile prosesa ya kizazi cha 8 njo mulango wa mwisho: Windows 10 ilikatiwa musaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haipokee Intel ya chini ya kizazi cha 8. Kwa hiyo muuzaji akikuletea "i7" usishangilie ile 7, angalia namba zenye zinafuata. i7-6600U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, na kwa hii biashara i5 njo inamushinda i7.

Pale mu duka usiangalie tu kama inawaka. Fungua ile dirisha nyeusi (andika cmd mu Start ya Windows), andika powercfg /batteryreport, mashini inakutengenezea ukurasa, ufungue. Utaona mistari mibili: "Design capacity", ile nguvu batri ilitoka nayo ku kiwanda, na "Full charge capacity", ile inabakia nayo leo. Kama ya kwanza inasema 50.000 na ya pili 30.000, basi batri iko ku 60 kwa mia, haijakufa, lakini ile "masaa sita" yenye banakuambia usiiamini, na bei ya batri mupya uitoe mu bei ya mashini pale pale, mbele ya kulipa. Kisha zima, washa, ingia mu BIOS, ile ekrani ya kupanga mashini mbele Windows haijawaka (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP). Ikiomba neno la siri lenye muuzaji haijue, weka chini utoke, hata bei iwe tamu namna gani, juu ile mashini labda ingali ya kampuni fulani. Gusa kila batoni ya klavie. Weka video dakika kumi, usikilize vantilateri. Muuzaji wa kweli hatakukasirikia kwa ile.

Namba mbili ni MacBook Air za prosesa ya Apple yenyewe, kuanzia M1 ya Novemba 2020. Hapa nitakaa kidogo juu inaniumiza kichwa. Kwa kudumu peke yake ningeiweka ya kwanza: haina vantilateri, kwa hiyo vumbi yetu ya kiangazi haina pahali pa kuvutwa, haiwake moto, inatembea siku mzima ku batri, na shajeri ya ile M1 ni ya wati 30 tu, hata sola ndogo ya nyumba inaibeba bila shida. Apple inasema batri zake zinafika mizunguko 1.000 (ya kujaza na kumaliza) mbele ya kushuka ku 80 kwa mia, na ku mashini yenyewe unaweza kusoma imeshafika ngapi. Shida ni siku yenye kitu kinakufa. RAM na SSD yote iko imeunganishwa ku karti moja, ikiungua na ile umeme ya kurudi, fundi hana cha kuchomoa, na docs zako zinaenda pamoja nayo. Kwa hiyo ni mashini ya mutu mwenye anaweka docs zake ku disk ya inje kila juma na mwenye anaweza kupoteza bei mzima kwa siku moja bila kuanza kukopa. Kama weye ni mufanya video, mupiga picha, mwanamuziki, nunua, hautajuta. Kama ni mwanafunzi wa UNILU mwenye familia ilichanga mwaka mzima, rudi ku namba moja.

Ukichukua Mac ya okazio, iwake mbele yako, iwe imeunganishwa na intaneti, muuzaji atoe kompte yake ya Apple, mufute yote, mungojee mupaka ekrani ya kukaribisha. Ikiomba anwani ya mutu mwingine ama ikiandika kama inaongozwa na kampuni kutoka mbali, ile ni mashini yenye hautakuwa mwenye nayo hata siku moja. Na MacBook za 2015 mupaka 2019 zenye klavie ya "papillon", ziache kabisa, nasema kabisa. Punje moja ya vumbi ilikuwa inatosha kukwamisha batoni, Apple ilifungua mupango wa kuzitengeneza bure mu Juni 2018, na mu 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 mu kesi ya bateja ba Marekani. Kama ilikuwa vile kule kwao, hapa kwetu Agosti itakuwa namna gani? Tena zote ziko na Intel, zenye Apple inaziachilia.

Namba tatu: mashini mupya za bakubwa ba kampuni, ThinkPad X1 Carbon na zingine za ile daraja ku HP na Dell. Nzuri, nyepesi, klavie tamu. Lakini X1 Carbon RAM yake haiongezeke, ile unanunua njo utazeeka nayo. Kama bwana kazi njo analipa na kampuni iko na mukataba wa servisi wa miaka tatu, pokea na mikono mibili. Kama ni mufuko yako, ngoja miaka tatu, itakukuta ku okazio.

Namba ine ni zile za kupendeza, XPS 13 ya Dell, Spectre ya HP na ndugu zao. Nazo si mbaya kabisa. Ni vile tu zimetengenezwa kuwa nyembamba, na wembamba unakula nafasi ya kutengeneza: RAM imeunganishwa, vantilateri ndogo ndogo zinazunguka mbio mu vumbi. XPS 13 Plus ya 2022 iliondoa hata batoni za F juu, ikaweka mustari wa kugusa, na ikatoa tundu la ekuteri. Kwa bei ileile unapata Latitude na batri mupya na disk ya bakap.

Za mwisho ni za gemu zenye batu bananunua kwa kazi ya biro juu ziko na nguvu. Shajeri ya wati 180 ama 240, ondileri ya nyumba inalia, moto mingi, vumbi mingi. Kama haufanye 3D, pita.

Hesabu yenyewe fanya kwa mwaka. Mashini ya 1.500 yenye inakufa karti mama mwaka ya tatu imekulia 500 kila mwaka. Mashini ya 500, ukiongeza 100 ya batri na SSD, ikifika miaka ine ni 150 kwa mwaka. Kwa hiyo kama uko na 1.000, usitumie 1.000 ku mashini. Toa 600 ama 650, ile inabakia ununue stabilizateri ya kweli, disk ya inje, na uweke ya batri ya mwaka wenye unakuja. Mu Lenovo Vantage (programu ya Lenovo yenyewe), ao mu programu ya Dell ya umeme, weka mupaka wa kushaji ku 80 kwa mia kama mashini inabakia imechomekwa siku mzima, batri itakaa zaidi.

Ya shajeri pia angalieni, juu njo yenye inaua mingi kimyakimya. Ya Dell ya zamani iko na kasindano katikati, mashini ikikosa kuitambua inatembea polepole na inakataa kushaji batri, batu banafikiri batri imekufa kumbe ni shajeri ya kuiga. Ya USB-C soma wati zenye zimeandikwa: kama mashini ilitoka na 65, usiweke ya 30. Mashini zenye zinapita Kasumbalesa zinakuja na fishi ya miguu mitatu ya Kizambia, usinunue kale ka adapteri kalegevu kenye kanatoa cheche, badilisha kamba yote, ni bei kidogo. Na klavie uchague mbele: ya Uingereza ni QWERTY, ya Ujerumani ni QWERTZ, hata AZERTY ya Ubelgiji alama zake hazikae pamoja na ya Ufaransa.

Kama yaya ama shangazi yuko anatoka Bruxelles na unamutuma batri, mwambie aibebe mu mufuko ya mukononi, si mu valizi ya kuingiza chini, juu batri ya litiumu ya peke inakatazwa mule, na isipite 100 Wh (wati-saa). Batri za laptopu karibu zote ziko chini ya ile, imeandikwa ku etiketi yake. Kutuma batri za peke kwa mizigo ya ndege za abiria kulikatazwa tangu Aprili 2016, njo maana zinachelewa kufika na zile za soko mingi ni za kuiga. Akikuletea original, angalia namba ya piesi ifanane na ya ile ya zamani mbele fundi hajafungua visi.